Jibu la Tatu, Kuhusu Maji

Shambani, Jumanne, 23 Agosti 2022

Mdogo wangu Corrine,

Hujambo? Miaka minne bila salamu, sijui hata nikuulize nini kwanza. Mguu ulishapona vizuri? Bado unakohoa msimu wa vumbi la mahindi? Sisi huku wazima. Wendell mzima, ila mgongo. Tobin wetu yuko barabarani na lori wiki tatu kati ya nne. Mkewe, Maren, ana mimba ya miezi saba na nusu, nao wanaishi kwenye nyumba ya Mama. Najua hukualikwa harusini. Nililia siku ile, na wewe ujue tu hivyo.

Naandika kwa sababu ya gazeti. Alhamisi shemeji yako Wendell alilisoma mezani kwa sauti, yale maswali matano waliyowauliza wewe na mpinzani wako Garret Polder. Alianza vizuri. Pale uliposema hakuna kampuni itakayopitisha bomba kwenye shamba la mtu kwa nguvu, aligonga meza kwa kijiko. "Hapo kasema," akasema. Uliposema shule yetu isiunganishwe na ya kaunti ya jirani, akatikisa kichwa kukubali, akajikatia mkate mwingine. Halafu akafika jibu la tatu. Nikaona midomo inacheza tu. Kisha akanisomea, taratibu, kama mtu anayesoma hati ya mahakama: kwamba ukichaguliwa utaleta mswada wa kuzuia samadi ya nguruwe kumwagwa karibu na visima, na kila mwenye banda kubwa apime maji ya jirani zake mara mbili kwa mwaka, matokeo yabandikwe hadharani.

Akakunja gazeti, akaliweka chini ya sahani. "Mdogo wako anataka kunizika," akasema, "na mimi bado napumua."

La nne na la tano hakuyasoma. Niliyasoma mwenyewe bafuni. La wodi ya wazazi nililisoma mara mbili, kwa ajili ya Maren, maana tangu waifunge, hospitali ya kujifungulia iko maili sitini na nane.

Corrine, sikuandikii kukusifu. Kila Jumamosi wanaume wawili wenye mabanda ya nguruwe kama letu huja kunywa kahawa jikoni kwangu. Zamani walizungumza mvua na bei ya soya. Sasa wanazungumza wewe: unapita barabara gani, unaendesha gari gani, nyumbani unaishi na nani. Jumamosi mmoja akasema, "Mtu akitishwa kidogo, hunyamaza." Wendell aliinuka, akachukua birika. Alimwongezea kahawa.

Usinipigie. Simu yangu anaiangalia. Jumanne nakuwa maktaba ya kanisa, kwa hiyo niandikie huko kwa jina la Bi Fenna, karani. Yeye hasemi sana na haulizi kitu.

Barabara ya changarawe ya huku usipite peke yako. Nakuomba.

Dada yako,
Adele


Orsted, Jumamosi, 27 Agosti

Dada Adele,

Nimeusoma mwandiko wako nikiwa nimesimama posta, na yule mama wa dirishani akanisogezea kiti. Sijambo, dada. Mguu unaniuma baridi ikija, kikohozi kipo. Mpe pole Wendell ya mgongo, au usimpe, utaamua wewe. Nimefurahi kusikia habari za Maren. Nimefurahi zaidi kwamba umeniandikia.

Kwa kuwa umenieleza kweli, na mimi nikueleze. Vibao vyangu vya kampeni kumi na tisa vimekatwa kwa msumeno. Pikapu nyeupe isiyo na namba ya mbele hunifuata nikitoka shuleni, hubaki nyuma mpaka ninapokunja kwangu, halafu hupita polepole. Jumatatu nilifungua sanduku la barua nikakuta mtoto wa nguruwe aliyekufa, amefungwa ndani ya karatasi yangu ya kampeni kama andazi. Nilimzika nyuma ya banda la vyombo. Koleo lilinidondokea mguuni.

Mimi ni nesi wa shule, Adele. Nilidhani watu watabishana nami kuhusu madaraja. Nimegonga milango mia nane na kitu, na karibu kila mlango wanakubaliana nami mambo manne. Juzi mzee mmoja kule mtoni alinifungulia akiwa na soksi moja. "Bomba, sawa," akaniambia. "Shule, sawa. Wodi, mke wangu atakubusu. Lakini la maji nyamaza, mama, uchaguliwe kwanza."

"Nikishachaguliwa kwa kunyamaza," nikamwuliza, "nitaanza kusema lini?"

"Hapo ndipo wenzako wote hupotelea," akasema, akafunga mlango kwa adabu kabisa.

Mwaka jana kwenye shule yangu kulikuwa na familia nne zenye watoto wachanga waliobadilika rangi. Nilipima visima vyao mwenyewe. Kiwango kinachoruhusiwa cha naitreti, ile sumu ya samadi inayoshuka visimani, ni miligramu kumi kwa lita. Kwao nilipata kumi na tisa, ishirini na mbili. Siwezi kujifanya sijui. Kwa Mama pia sikuweza, na ndiyo maana Wendell alinitoa nje siku ya chakula cha maziko. Sikusema kwamba maji ndiyo yaliyomwua, dada. Nilisema kisima kipimwe. Natamani tungeongea haya tukiwa watu wawili, bila wageni na bakuli za viazi.

Polder yumo bungeni miaka kumi na sita. Yeye kila swali la maji hujibu kwamba wakulima ni watunzaji wema wa ardhi. Wengi ni kweli. Mimi nataka tu wapime.

Barabara ya changarawe nitapita na mwenzangu. Niandikie tena.

Mdogo wako,
Corrine


Maktaba, Jumanne, 13 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, unakula, na milango unaifunga. Hapa hatujambo kwa nje.

Mtu wa kampuni ya nguruwe alikuja Ijumaa. Hakukaa. Alisimama kando ya gari, akamwambia Wendell kwamba kampuni inaangalia sana msimu huu nani anasimama na nani, na kwamba mikataba itasainiwa upya Januari. Wendell alirudi ndani akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya bandani, kitu ambacho hajawahi kufanya, wewe unajua alivyo na viatu vile. Nikamwambia avue. Akasema, "Nguruwe si wangu, Adele. Banda langu, samadi yangu, nguruwe wao. Wakiwachukua, ninabaki na shimo la mavi." Anaogopa, Corrine. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kumwona mume wangu akiogopa, na nakwambia heri nilipokuwa namwona amekasirika.

Wale wawili walikuja tena. Walipoona naingia, waliacha kuongea, wakaanza kusifu pai yangu. Nilisikia neno mdahalo. Nilisikia "kabla ya mdahalo."

Sasa nikuulize jambo, na unijibu kama nesi, usinijibu kama mgombea. Maren atajifungua mwezi ujao. Anatumia dawa za kifafa, daktari kamkataza kunyonyesha, atampa mtoto maziwa ya kopo. Maji atachota kwenye kisima cha Mama. Je, kuna ubaya? Akichemsha inatosha?

Usimwambie mtu kwamba nimekuuliza.

Dada yako,
Adele


Orsted, Jumamosi, 17 Septemba

Dada yangu,

Hujambo, na Maren hajambo? Nakujibu haraka, Fenna anatoka huku leo na atakuletea mkononi.

Asichemshe. Sikiliza vizuri hapo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti haifi. Maji hupungua, yenyewe hubaki pale pale, kwa hiyo huzidi kuwa kali. Kwenye bahasha utakuta chupa ndogo. Fungua bomba la jikoni kwa Mama, acha maji yatoke dakika tano, jaza, funika, peleka posta siku hiyo hiyo. Anwani ya maabara nimeshaiandika, na majibu yatakuja kwa Fenna. Mpaka hapo, mtoto asipewe hata kijiko cha maji yale. Ya dukani, ya madumu. Na umweleze Maren kwa nini.

Mimi nilipata ajali Jumatano. Nilikuwa natoka mlango mmoja kwenda mwingine kule mtoni, saa kumi jioni, jua linawaka. Nikasikia gari linagonga kama lina kwato. Nikapunguza mwendo, na nilipokanyaga breki gurudumu la mbele kushoto likatoka, likatangulia mbele yangu peke yake mpaka mtaroni. Gari liliburuza ubavu, likasimama. Nilikuwa naenda pole kwa sababu nilikuwa natafuta namba ya nyumba. Kama ningekuwa barabara kuu, barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine.

Mkuu wa polisi wa kaunti alikuja. Akaangalia, akapiga mluzi. "Nati zote tano zimelegezwa," akasema. "Ulibadilisha tairi karibuni?"

"Sijabadilisha."

"Basi kwenye kampeni mambo huwa hivi. Watu hupandwa na jazba." Akanishauri niwe naegesha gari ndani usiku.

Tangu siku hiyo nalala kwa mwalimu mwenzangu. Kila asubuhi nazunguka gari na spana, nakaza nati moja moja, na watoto wa shule wakipita wananiuliza, "Nesi, gari linaumwa?" Nawaambia nalipima presha. Wanacheka. Mimi nikiingia ofisini nafunga mlango na kukaa chini sakafuni mpaka kengele ilie.

Pima maji, dada.

Mdogo wako,
Corrine


Maktaba, Jumanne, 27 Septemba

Mdogo wangu Corrine,

Pole sana, pole kwa ajali. Namshukuru Mungu kwa ile namba ya nyumba uliyokuwa unaitafuta.

Nilichota maji Maren alipokwenda kliniki. Majibu Fenna amenipa leo, na karatasi iko mbele yangu. Thelathini na moja.

Nimemnunulia Maren madumu kumi. Aliyaona akacheka. "Mama Adele, mbona unanijazia maji kama tumehamia jangwani?" Nikamwambia ya dukani ni laini kwa tumbo la mtoto. Ndivyo nilivyomwambia. Sikumweleza ile karatasi. Nilifungua mdomo, nikamwona amekaa kwenye kiti cha Mama, ameweka miguu juu ya ndoo, nikashindwa. Akijua yeye, atajua Tobin, na Tobin akijua atamkabili baba yake.

La pili ni zito zaidi. Jioni ya siku niliyopata barua yako, Wendell alikuwa ananawa jikoni. Nikamwambia, "Fenna anasema Corrine kapata ajali ya gari." Hayo tu, neno kwa neno.

Hakugeuka. "Mtu asipokaza nati," akasema, "ndiyo hivyo."

Mimi sikuwa nimetaja nati.

Akaendelea kunawa. Alinawa muda mrefu, maji yakawa yanamwagika pembeni. Mimi nilikuwa nimeshika taulo nimpe, na nikabaki nalo mkononi. Mwishowe akasema, bado amenipa mgongo, "Nilitaka aogope tu. Kwenye ile barabara ya mtoni mtu haendi zaidi ya maili ishirini. Nilipiga hesabu." Kisha akachukua taulo mkononi mwangu na kujifuta, na akaniuliza kama kuna viazi vilivyobaki.

Nimepika, nimeosha vyombo, nimelala kando yake siku hizi zote. Simjui. Namjua mpaka anavyokoroma, na simjui.

Nakuomba mambo mawili. Usimpeleke polisi kwa maneno yangu, sijawa tayari. Na Jumatatu kwenye mdahalo usitaje thelathini na moja. Nyumba za upande huu zinahesabika kwa vidole, na yenye mama mjamzito ni moja. Watajua, na Wendell atajua kwamba ni mimi.

Nitakuwepo. Anataka tukae mstari wa mbele.

Dada yako,
Adele


Orsted, Alhamisi, 29 Septemba

Dada Adele,

Natumaini ziko salama siku zako. Mimi nilisoma barua yako, nikafunga mlango, nikaisoma tena.

Njoo kwangu. Beba nguo za siku tatu, mwambie unaenda kumuuguza Fenna, mwambie lolote. Chumba kipo. Ukisema nisimpeleke polisi, simpeleki. Ukisema nisitaje, sitaji. Lakini mwambie Maren, dada. Karatasi ile si yako wala yangu. Ni yake.

Mdogo wako,
Corrine


Orsted, Jumanne, 4 Oktoba

Dada yangu,

U hali gani leo? Jana nilikuona tangu mlipoingia. Ulivaa koti la kijivu la Mama. Umekonda.

Najua ulikuwepo, lakini nataka ujue jinsi ilivyokuwa kutoka upande wangu wa meza. Ule ukumbi wa michezo ulijaa mpaka watu wakakaa chini ya goli la kikapu. Swali la shule nilipigiwa makofi. Swali la bomba walisimama, hata Wendell alisimama, akakumbuka, akakaa. Wodi ya wazazi nilisema suala hilo tulipeleke bungeni ili pesa ya jimbo irudi vijijini, mama asizalie barabarani, na nikaona akina mama wa kanisa wanafutana machozi. Nikajiambia, Corrine, unaweza kushinda hapa.

Halafu maji. Polder alivua miwani. Ana sauti nzuri yule, sauti ya babu. "Bi Hoekema ametutisha majira yote ya joto," akasema. "Namba, namba, namba. Mimi nawajua watu wa wilaya hii kwa majina. Basi anitajie mtoto mmoja. Anitajie kisima kimoja, cha nani, wapi. Mmoja tu, nami nitaunga mkono mswada wake hapa hapa."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Zile familia nne zilishaniomba nisiwataje, mmoja wao ana banda. Na kichwani mwangu kulikuwa na thelathini na moja. Nilikuangalia. Wewe ulikuwa unaangalia mikono yako. Wendell alikuwa ananiangalia mimi, na sikuona chuki usoni kwake. Niliona mtu anayesubiri kupigwa.

Nikasema, "Siwezi kumtaja."

Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu kumi, halafu upande mzima. Polder alivaa miwani yake polepole. "Basi," akasema, "tuendelee na madaraja."

Sikulaumu. Naandika ili usikie kwa mkono wangu kwamba sikulaumu. Lakini je, umemwambia Maren?

Mdogo wako,
Corrine


Orsted, Jumanne, 18 Oktoba

Dada Adele,

Salamu. Wiki mbili sijapata neno. Fenna anasema ulituma ujumbe kwamba unaumwa na hutakuja maktaba mpaka upone. Anasema ujumbe aliuleta Wendell, na hakuvua kofia.

Je, mtoto amezaliwa? Ni wa kike au wa kiume? Niandikie hata mstari mmoja. Andika neno "mzima" tu, nitatosheka.

Mdogo wako


Orsted, Jumamosi, 29 Oktoba

Dada,

Jana nilipita kwenu. Najua ulinikataza. Pazia la jikoni lilikuwa limefungwa na pikapu yenu haipo. Kwa Mama mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu ndani, chupa ya mtoto iko juu ya meza, na jiko bado lina sufuria. Niliita. Niliingia mpaka chumbani, nikaita tena. Nilirudi garini mbio kama mwizi.

Mkuu wa polisi anasema watu wazima wana haki ya kutokuwepo nyumbani kwao.

Adele, uko wapi?

Corrine


Shambani, Alhamisi, 10 Novemba

Mdogo wangu Corrine,

Nakusalimu. Barua zako za Oktoba Fenna ameniletea mwenyewe jana, nami naanza na lile neno uliloniomba: mzima. Mtoto ni mzima. Ni msichana, anaitwa Ilse. Mimi pia ni mzima. Sasa kaa chini nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu nimechoka kueleza vipande vipande.

Siku mbili baada ya mdahalo Wendell alitafuta sindano ashone glavu yake, akafungua sanduku la cherehani. Barua zako zote zilikuwa humo, na karatasi ya maabara. Nilimkuta amekaa kitandani, amezipanga kwa tarehe. Alikuwa ameshazisoma zote. Hakunipiga, hajawahi kunipiga. Alizipeleka kwenye pipa la taka nje, akazichoma, akasimama pale mpaka zikaisha. Kisha akaenda kwa Maren akiwa mpole kabisa, akamwambia madumu yamevuja, akayatoa uani na kuyamwaga moja moja. Nilimfuata. "Majirani wakiona maji ya dukani yanaingia shamba hili," akaniambia, "nimekwisha kukiri." Funguo za gari akaziweka mfukoni. Za Maren alizichukua pia, akasema breki zake hazifai. Simu yangu akaizima.

Ilse alizaliwa tarehe tisa. Uchungu ulimshika Maren asubuhi baada ya ibada, na tukaanza safari ya zile maili sitini na nane. Tulifika maili ya arobaini. Amezaliwa kwenye pikapu, nje ya kituo cha mafuta, mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, na Wendell amesimama nje ameshikilia koti lake dirishani watu wasione. Alilia yule mwanaume, Corrine. Alipomsikia mtoto, alilia akaegemea pampu.

Nilidhani basi, sasa atabadilika. Nikangoja abadilike. Hilo ndilo kosa langu, nalisema wazi: nilingoja yeye abadilike, badala ya kutembea hatua mia mbili mpaka kwa Maren na kumwambia maneno manne. Maji haya yana sumu. Nilimwona anachota. Nilimwona anachemsha, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuchemsha kila kitu cha mtoto. Nilikuwa namwambia chukua yale ya mvua, chukua ya kanisani, nikitafuta visingizio, na siku nyingine alichukua, siku nyingine alichoka. Nilimwogopa mume wangu. Na niliogopa Maren aniulize nilijua tangu lini.

Ijumaa tarehe ishirini na nane, baada ya chai ya asubuhi, Maren alikuja mbio bila viatu na baridi ile, kamshika mtoto mbele yake kama sahani. Ilse alikuwa rangi ya majivu. Midomo kama aliyelamba wino. Halii, anatazama tu. Wendell alikuwa mezani. Aliinuka kiti kikaanguka, na hakuuliza kitu.

Ndiyo maana ulikuta mlango wazi.

Hospitalini walimpa hewa, hakubadilika. Walipomtoa damu ilikuwa rangi ya kahawa, niliiona kwenye bomba la sindano. Daktari ni kijana, nadhani ana umri wa Tobin. Akauliza, "Maji ya maziwa mnayatoa wapi?"

Maren akasema, "Kisimani, lakini nachemsha. Kila mara nachemsha."

"Kisima kimewahi kupimwa? Mnajua kiasi chake?"

Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, na nikasikia sauti nyuma yangu.

"Thelathini na moja," Wendell akasema. Alikuwa amesimama ukutani, kofia mikononi. "Ilipimwa Septemba. Thelathini na moja."

Daktari akatoka mbio. Maren alimgeukia Wendell, halafu akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Mlikuwa mnajua," akasema. "Nyote wawili."

Walimchoma Ilse dawa fulani ya rangi ya buluu. Ndani ya saa moja nilimwona anakuwa waridi, kuanzia masikio. Alikaa siku nne. Wanasema hatabaki na athari, wanadhani. Maren na Tobin wamempeleka kwa wazazi wa Maren, na Maren amesema hataki nimguse. Tobin alinibusu shavu akiaga, bila kunitazama. Sina la kulalamika.

Sasa la uchaguzi. Umeshindwa kwa kura mia mbili na kumi na nne, nimesikia redioni. Nilikuwa na siku kumi na moja kati ya hospitali na siku ya kura. Ningekupigia. Ningemwendea mwandishi wa gazeti. Polder alitaka mtoto mmoja na kisima kimoja, na mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Sikufanya. Niliogopa, sina neno zuri zaidi la kukupa. Jumanne nilipiga kura yangu, nikarudi nyumbani, nikakaa. Wendell alipiga pia. Sijui alimpigia nani na sijamwuliza.

Jana wale wawili walikuja. Mmoja akasema, "Basi limeisha, tumepumua." Wendell akawaambia waende. Wakadhani anatania. Akasimama akawafungulia mlango, na hewa ya baridi ikaingia mpaka wakaelewa. Gari lao lilisimama pale langoni muda mrefu sana, taa zimewashwa, halafu likaondoka. Mtu wa kampuni amepiga mara tatu leo. Hatujapokea.

Leo asubuhi nimemwambia kwamba kesho nakwenda kwa mkuu wa polisi. Nitasema habari za nati. Nitasema aliyoniambia akinawa mikono, na tarehe. Kama mkuu wa polisi atapiga mluzi, nitakwenda kwa mwendesha mashtaka, na akinirudisha huyo, nitakwenda kwa gazeti. Na kile kisima nitakitaja kwa jina, cha nani, wapi, kiasi gani. Nilisema nikiwa nimeshika meza.

Alinitazama. Akasukuma kikombe chake pembeni.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa nne."

"Barabara ina barafu," akasema. "Na wewe hujaendesha mwezi mzima. Nitakupeleka mimi."

Sasa ninaandika hii mezani jikoni. Yeye amekaa upande wa pili, anaangalia kalamu inavyokwenda, na hajaomba kusoma. Naogopa, Corrine. Nadhani naye anaogopa. Funguo za gari alizozificha mfukoni ziko katikati yetu, juu ya kitambaa.

Dada yako,
Adele